Roboti Kadhaa, Godauni Moja: Maswali Tunayoulizwa Kila Wiki

Karakana yetu imo ndani ya godauni Industrial Area, si mbali na barabara ya Lunga Lunga. Tuna roboti tatu. Kobe na Punda ni vigari vya magurudumu vya kubebea katoni. Twiga ni mkono wenye viungo sita, umefungwa sakafuni kwa bolti. Wageni hawaishi: wanafunzi wa vyuo, wenye maghala, mafundi wa jua kali kutoka Kariobangi, na majirani waliosikia tu mota zikilia wakaja kuchungulia. Maswali yao ni yale yale, ndiyo maana tumeyaandika hapa. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe ni refu, mengine ni mistari miwili.

Kwa lugha nyepesi, mnafanya nini hasa?

Tunaandika programu inayopewa lengo na yenyewe ikatoa mpango. Lengo ni kama hili: katoni hizi nane ziwe kwenye rafu ya nyuma, na mlango usizibwe. Mpango ni nani abebe ipi, ipi itangulie, apitie wapi, na mkono ujikunje vipi ili usigonge nguzo. Mtu haandiki hatua hata moja.

Roboti za kawaida za viwandani haziko hivyo. Zinafundishwa mwendo mmoja, kisha zinaurudia mchana na usiku mpaka zichakae. Sogeza meza sentimita tano uone: roboti inachomelea hewa kwa umakini uleule. Sisi tunataka roboti ambayo meza ikisogezwa, inaona, inapanga upya, inaendelea.

Kupanga kazi na kupanga mwendo si kitu kimoja?

Hili ndilo swali tunalolipenda kuliko yote, kwa hivyo tutakaa hapa kidogo.

Ingia kibanda chochote cha chakula saa saba mchana. Mama anachoma chapati, kijana wake anapakua maharagwe. Mteja anaitisha chai. Mpango wa kazi hauna shida: chukua kikombe, fungua thamosi, mimina, peleka. Hatua nne, mtoto wa darasa la pili anaweza kuzitaja. Lakini thamosi imesukumwa mpaka ukutani, nyuma ya sufuria ya maharagwe yanayotokota, na mkono wa kijana haufiki bila sufuria kuondolewa. Sufuria nayo haina pa kuwekwa, meza yote ni unga. Basi kabla ya chai zimezuka kazi mbili mpya: Mama asogeze kibao cha chapati, kijana aihamishe sufuria. Mteja hakuziagiza. Zimeletwa na urefu wa mkono na upana wa meza.

Na angalia jambo la pili: kijana hawezi kuihamisha sufuria kabla Mama hajasogeza kibao. Kazi ya mmoja imegeuka sharti la kazi ya mwenzake, na sababu yake ni nafasi tu.

Upangaji wa kazi hushughulika na maneno: chukua, weka, kabla, baada. Upangaji wa mwendo hushughulika na sentimita na digrii. Kwa miaka mingi vilifanywa kama ofisi mbili zisizopigiana simu. Ya kwanza inatoa orodha ya hatua na kuirushia ya pili. Ya pili ikikosa njia, kazi inakufa hapo. Ofisi ya kwanza haiwezi kujua kwamba sufuria iko njiani, kwa kuwa katika dunia yake hakuna "njiani", kuna "juu ya meza" tu. Kazi yetu ni kuzifanya ofisi hizi zizungumze: ile ya mwendo ikishindwa, irudi na sababu ("nimezuiwa na sufuria"), na ile ya kazi iigeuze sababu hiyo kuwa hatua mpya.

Namna za kuziunganisha ni nyingi. Leslie Kaelbling na Tomás Lozano-Pérez wa MIT walionyesha mwaka wa 2011 njia ya kupanga kwa ngazi: amua mambo makubwa kwanza, anza kutekeleza, sentimita zishughulikiwe ukizifikia. Inapendeza pale ambapo kosa linarekebishika. Ukimwaga maharagwe, hairekebishiki.

Mnatumia maneno gani ya Kiswahili kwa mambo haya?

Programu inayopanga tunaiita kipangaji. Si mpangaji. Mpangaji Nairobi ni yule anayetafutwa na mwenye nyumba tarehe tano kwa sababu ya kodi, na tumechoka kuelezea. Mengine: mkao (jinsi viungo vyote vya roboti vilivyokaa kwa wakati mmoja), mkwamo (roboti mbili zinazongojana bila mwisho), na mgongano, ambao hauhitaji maelezo.

Wazo hili lilianza lini?

Lina umri mkubwa kuliko wengi wetu hapa. Kati ya 1966 na 1972, Stanford Research Institute huko California, kulikuwa na roboti iitwayo Shakey, jina lililotokana na kutikisika kwake ikitembea. Ilikuwa ikizunguka vyumbani na kusukuma masanduku. Kutokana na mradi huo kulipatikana mambo mawili ambayo bado tunayatumia kila siku. La kwanza ni A*, algoriti (yaani utaratibu wa hatua kwa hatua ambao kompyuta huufuata) ya kutafuta njia fupi, iliyochapishwa 1968 na Peter Hart, Nils Nilsson na Bertram Raphael. La pili ni STRIPS, kipangaji cha Richard Fikes na Nilsson, 1971: kila tendo linaelezwa kwa masharti yake ya kabla, kinachokuwa kweli likishafanyika, na kinachoacha kuwa kweli. "Inua katoni" inataka mkono uwe mtupu. Ikishafanyika, mkono umeshika na rafu imeachwa wazi. Mwaka wa 1998 Drew McDermott na wenzake walitoa lugha ya pamoja ya kuandika matendo hayo, PDDL, ili vipangaji mbalimbali vishindanishwe kwa mtihani mmoja. Mafaili yetu ya kazi bado yameandikwa kwa lugha hiyo.

Upande wa mwendo ulikuwa na hadithi yake. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Lozano-Pérez, pamoja na Michael Wesley, alieneza hila moja ambayo ukiielewa huisahau: badala ya kuhangaika na umbo la roboti, ipunguze iwe nukta, halafu vikuze vizuizi kwa kiasi kilekile. Mpishe Kobe mwenye upana wa sentimita 60 kwenye uchochoro wa sentimita 80. Ukimfanya Kobe nukta na kila ukuta ukaunenepesha kwa sentimita 30, unabaki na uchochoro wa sentimita 20, na swali linakuwa tu: nukta inapita au haipiti?

Roboti tatu si ni ugumu wa roboti moja mara tatu?

Laiti ingekuwa hivyo. Ugumu haujumlishwi, unazidishwa.

Chukua sakafu yetu, tuigawe miraba 100. Kobe peke yake ana mahali 100 pa kuwa. Mwongeze Punda: jozi za mahali ni 10,000. Ukileta kigari cha tatu unafika milioni moja. Vigari kumi vinakupa moja ikifuatwa na sifuri ishirini, na hapo bado ni vigari tu. Twiga ana viungo sita. Ukikigawa kila kiungo vituo 100, mikao yake ni trilioni moja.

Kazi nazo zina hesabu yao. Katoni nane zikigawiwa roboti tatu, na kila roboti ikapewa utaratibu wa kuzichukua zake, namna zote ni 1,814,400. Kila mojawapo inahitaji kuulizwa: hii inawezekana kimwendo? Hata swali moja likijibiwa kwa sekunde moja tu, utakaa wiki tatu kamili, na chai imeshapoa.

Wala si uzembe wa watu wa programu. Mwaka wa 1984 John Hopcroft, Jacob Schwartz na Micha Sharir walithibitisha kihesabu kwamba kuhamisha mistatili mingi ndani ya ghala moja ni miongoni mwa maswali magumu kabisa ya kompyuta; hakuna anayejua njia ya haraka ya kulijibu kwa kila hali. Anayekuja kukuuzia programu "inayopata mpango bora kabisa kwa roboti zozote, papo hapo," mpe chai, msikilize, usitie sahihi.

Basi mnapataje njia katika mikao trilioni?

Kwa kubahatisha kwa akili. Tangu miaka ya 1990 wataalamu waliacha kujaribu kuchora ramani yote ya mikao, wakaanza kuchovya hapa na pale. Lydia Kavraki na wenzake walichapisha mwaka wa 1996 njia ya kutupa nukta nyingi za kubahatisha, kuziunga zile zisizogonga kitu, na kupata mtandao wa njia. Mwaka wa 1998 Steven LaValle akaja na mti unaoota kutoka mkao wa mwanzo, ukitupa matawi kuelekea nukta za kubahatisha mpaka ufike mwisho. Tukimwonyesha mgeni mti huo kwenye skrini huwa ananyamaza kidogo, maana unaota kweli kama mkwamba kwenye ua.

Sasa sikiliza kasoro yake, kwa maana hiyo ndiyo iliyotukosesha usingizi mwaka mzima. Njia ya kupita ikiwepo, ukiendelea kutafuta, uwezekano wa kuipata unakaribia hakika. Lakini njia isipokuwepo, programu haitakuambia. Itaendelea kutafuta. Haina neno "haiwezekani", ina "bado" tu. Kipangaji cha kazi kikiuliza "Twiga anaweza kufikia katoni ya tano?" na kile cha mwendo kikinyamaza kwa sekunde kumi, ni kwamba haiwezekani, au ni tundu jembamba ambalo halijapatikana bado?

Hakuna jibu safi. Sisi tunaweka muda: nusu sekunde kwanza. Ikishindikana, swali linawekwa kando, kipangaji cha kazi kinajaribu mpango mwingine, na baadaye tunalirudia lile swali kwa muda mrefu zaidi. Ni kama fundi anayeacha skrubu iliyogoma, anaenda kufungua nyingine, kisha anairudia na mafuta.

Roboti zinagawanaje kazi?

Kwa mnada, aghalabu. Katoni inatangazwa, kila roboti inataja gharama yake, ya chini inashinda. Reid Smith alieleza utaratibu wa namna hii mwaka wa 1980, na tofauti na minada ya Nairobi, hakuna dalali wa kulipwa. Pale ambapo kila roboti inapewa kazi moja tu, kuna algoriti ya Harold Kuhn ya 1955 inayotoa mgao bora kabisa bila mnada.

Shida ni ile bei. Mwaka jana tulimwacha Kobe ataje bei kwa umbali wa mstari ulionyooka. Akashinda katoni iliyokuwa mita mbili tu kutoka kwake, upande wa pili wa rafu ndefu. Akazunguka godauni lote kuifikia, huku Punda, aliyekuwa mita sita kwenye uchochoro uleule wa katoni, amekaa anachaji. Siku hiyo ndiyo tuliyobadilisha: bei inapigwa kutokana na njia iliyopangwa kweli, hata kama ni ya harakaharaka. Mnada unachelewa kidogo, na aibu inapungua sana.

Zinazuiaje kugongana?

Tuanze na yasiyofaa. Kwanza tuliziambia: ukiona mwenzako mbele, simama, subiri, pita kando. Matokeo yalikuwa kichekesho cha mlangoni. Kobe anasogea kulia kumpisha Punda, Punda anasogea upande uleule kumpisha Kobe. Wote wanarudi. Wote wanasogea tena. Tuliwahesabia mara kumi na moja kabla ya mtu kwenda kumbeba mmoja. Adabu bila mpango haipishi mtu.

Sasa tunatumia utaratibu uliochapishwa na Guni Sharon na wenzake mwaka wa 2012, ambao ni mwepesi kuueleza. Kila roboti inapanga njia yake kana kwamba iko peke yake duniani. Kisha kompyuta inaziweka njia zote juu ya ramani moja na kutafuta mgongano wa kwanza. Tuseme Kobe na Punda wote wako kwenye mraba wa mlango sekunde ya 12. Basi dunia inagawanywa matawi mawili: katika tawi moja Kobe amekatazwa mraba huo sekunde hiyo, katika jingine Punda ndiye aliyekatazwa. Aliyekatazwa anapanga upya, yeye peke yake. Tunashika tawi lenye gharama ndogo na kuangalia mgongano unaofuata, hivyo hivyo mpaka ziishe.

Uzuri wake ni kwamba unalipa gharama ya ushirikiano pale tu panapogombaniwa. Kwenye uwanja mpana, karibu kila roboti inaenda zake. Ubaya unaonekana kwenye uchochoro mrefu wa roboti moja moja: matawi yanazaana kama sungura, na hapo ni afadhali kuweka sheria ya barabara, upande huu wa kwenda, ule wa kurudi.

Ni bora kuwe na bosi mmoja au kila roboti ijiamulie?

Simama kwenye mzunguko wa barabara jioni, mvua ikinyesha. Polisi wa trafiki akiwepo anaona pande zote, anaweza kuamua vizuri kuliko dereva yeyote, lakini kila kitu kinamsubiri yeye. Asipokuwepo, kila dereva anajiamulia kwa anachokiona mbele ya bampa. Kunasonga, mpaka kunapofungika kabisa.

Sisi tuna bosi, na tumelipia. Kuna siku stima ilipotea. Kobe na Punda wana betri, wakaendelea; ruta ya waifai haikuwa na betri, ikafa. Bosi hasikiki. Kila mmoja alikuwa ameagizwa asiingie uchochoroni mpaka apate ruhusa, na ruhusa haikuja. Tulirudi na tochi za simu tukawakuta wamesimama wakitazamana, taa zao ndogo za kijani zinamulika. Hakuna aliyegongwa, hilo ni jema. Lakini oda ya mteja ililala.

Tangu hapo bosi anapanga, ila kila roboti inabeba nakala ya sehemu yake ya mpango, na zinaongea zenyewe kwa zenyewe zikiwa karibu. Ruta nayo imenunuliwa betri.

Mpango ukiharibika katikati ya kazi inakuwaje?

Utaharibika. Chukulia hivyo tangu asubuhi. Kwetu adui mkuu ni kiti cha plastiki cha mlinzi: leo kiko mlangoni, kesho kiko kwenye jua, kesho kutwa kimeachwa katikati ya njia ya Punda na gazeti juu yake.

Mambo mawili yametusaidia. La kwanza ni kutoandika mpango kwa saa. Ukiandika "Punda aingie mlangoni sekunde ya 13," na Kobe amechelewa sekunde tatu kwa sababu gurudumu limeteleza kwenye mafuta, umeandika ajali. Andika "Punda aingie baada ya Kobe kutoka." Kipangaji kinatumia sekunde kupata mpango, lakini kinachopewa roboti ni utaratibu wa nani baada ya nani. Ucheleweshaji unasambaa tu, kama foleni ya benki.

La pili ni kurekebisha padogo. Kiti kikizuia uchochoro mmoja, usitupe mpango wa roboti zote. Jaribu kwanza njia nyingine kwa Punda pekee. Ikishindikana, badilishana kazi kati ya Punda na Kobe. Kupanga kila kitu upya ni hatua ya mwisho, na mara nyingi hapo mlinzi ameshachukua kiti chake.

Mbona Amazon wana roboti nyingi hivyo na hazigongani?

Kwa sababu walibadilisha ghala, si roboti peke yake. Kampuni ya Kiva Systems, ambayo Amazon waliinunua mwaka wa 2012 kwa dola milioni 775, ilibuni vigari vifupi vinavyoingia chini ya rafu na kuibeba nzima mpaka kwa mfanyakazi. Sakafu imegawanywa miraba yenye alama ambazo roboti inazisoma ikipita juu yake. Eneo ambako vigari vinazunguka, watu hawatembeitembei. Mwaka wa 2025 Amazon walitangaza wamefikisha roboti milioni moja katika maghala yao yote, za aina mbalimbali.

Ukishafuta watu, viti, na sakafu yenye mashimo, tatizo linakuwa la miraba na sekunde. Bado ni gumu, ila ni safi. Ghala la Nairobi lina hamali aliyebeba gunia begani, foklifti inayorudi kinyumenyume, na mama wa uji anayeingia saa nne kamili. Kunakili ghala la Amazon hapa bila kubadilisha hayo ni kununua suti bila kuangalia saizi.

Si siku hizi mngeiuliza tu chatiboti iwapangie?

Tumejaribu, na inasaidia zaidi ya tulivyotarajia, lakini mahali pamoja. Ukiiambia kwa Kiswahili cha kawaida "hizo za chai zikae mbali na sabuni," inaligeuza vizuri kuwa masharti. Ukiiuliza kama mkono wa Twiga utafika nyuma ya rafu ya tatu, inajibu kwa kujiamini, na mara nyingi inakosea, maana haijui viungo vyake vinajikunja kwa digrii ngapi. Mwaka wa 2022 watafiti wa Google walionyesha suluhisho la busara: programu ya lugha inapendekeza tendo lifuatalo, na sehemu nyingine iliyojifunza kutoka kwa roboti yenyewe inapima kama tendo hilo linawezekana hapo lilipo, linalochaguliwa ni lile lenye alama nzuri kwa pande zote mbili. Sisi tumeshika moyo wa wazo hilo: lugha ipendekeze, kipangaji kihakiki.

Na droni?

Hesabu ni zilezile, ikiongezwa juu na chini. Lakini hapa Kenya huwezi kurusha tu. Droni zina kanuni zake za mwaka wa 2020 chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, na unahitaji kibali. Isitoshe, Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na mapangaboi yanafanya kazi zaidi kuinua mzigo uleule. Kipangaji kisichojua hilo kitakuahidi safari ambayo betri haiwezi.

Mnawanyang'anya mahamali kazi?

Swali la haki, na tuliulizwa kwa mara ya kwanza na hamali mwenyewe, amesimama mlangoni na mkokoteni wake wa vitunguu. Hatukumpa jibu la kumpendeza. Tulimwambia: kazi ya kupeleka katoni zinazofanana, njia ileile, sakafu laini, siku moja roboti itaifanya. Kazi yake yeye, kutoka Wakulima hadi Gikomba, kupanda ukingo, kukwepa matatu, kupiga kelele watu wapishe, na kumjua mteja anayelipa na asiyelipa, hakuna roboti iliyo karibu nayo. Akacheka, akasema tumemtukana vizuri.

Maoni yangu mwenyewe, na wenzangu wawili hawakubaliani nami: hatari Nairobi si kwamba roboti zitakuja haraka. Ni kwamba zitakuja zimefungwa, hakuna fundi wa hapa anayeruhusiwa kuzifungua, na kila kiti kikisogezwa tunapiga simu ng'ambo.

Nina ghala Mombasa Road. Mnaweza kuja kuniwekea?

Tunaweza kuja kuangalia. Tutatembea sakafuni kwanza, tukitafuta nyufa na miteremko. Tutauliza njia nyembamba kabisa ina sentimita ngapi, bidhaa zina lebo au zinatambuliwa na mtu mmoja tu anayezijua kwa kichwa, na stima ikipotea mnafanya nini. Mara nyingi tunaondoka baada ya kupendekeza rangi ya manjano sakafuni, lebo, na rafu mbili zihamishwe. Wateja kadhaa waliishia hapo, na hawakuhitaji roboti kabisa. Tunatoza ada ya siku moja.

Mimi ni mwanafunzi, sina roboti. Nianzie wapi?

Huhitaji roboti. Unahitaji laptopu ya kawaida na bando la kupakua mara moja; ukiweza, pakua usiku. Kwa upande wa kazi, chukua Fast Downward, kipangaji cha bure kinachosoma PDDL. Kwa mwendo kuna OMPL, mkusanyiko wa algoriti za kubahatisha kutoka maabara ya Kavraki, Chuo Kikuu cha Rice. Programu za ROS na MoveIt zinakupa mkono wa kuigiza kwenye skrini. Zote ni za bure, na unaweza kufungua uone zilivyoandikwa ndani.

Usianze na roboti kumi. Andika kwanza faili la PDDL lenye katoni tatu na roboti moja. Ukishapata mpango, ongeza roboti ya pili na uone kipangaji kinavyoanza kuhema. Halafu jenga kile kibanda: meza, sufuria, thamosi ukutani, mikono miwili. Kiambie kipangaji kitu kimoja tu, chai iwe kwa mteja. Siku programu yako itakapoisogeza sufuria bila wewe kuitaja mahali popote, njoo nayo Jumamosi tuione.

Naweza kumshika Twiga?

Akizimwa, ndiyo. Akiwa anafanya kazi, kaa nje ya mkanda wa manjano. Kitufe chekundu kiko ukutani kulia, na mtu yeyote anaruhusiwa kukibonyeza, hata mtoto, bila kuuliza.